Uzi maalumu: Ngurumbi, mnyama wa kubuni anayeishi chini ya ardhi. Njooni tumjenge, na mwenye shoka alete shoka

Mfinyanzi:

Wakuu, salaam. Wenzangu wa hadithi za dunia za kubuni, sogeeni karibu.

Ninaandika visa vya nchi inayoitwa Zambasi. Ni nyika pana yenye udongo wa majivu ya volkano. Mvua hunyesha msimu mmoja, kisha inapotea miaka. Chini ya nyika hiyo anaishi mnyama anaitwa ngurumbi, ambaye anazaliwa, anazeeka na kufa bila kuliona jua. Namshusha hapa ili mnitobolee palipo dhaifu kabla sijamwingiza kwenye sura.

Kwanza msimamo wangu, tusije tukagombana mbele ya safari. Wanyama wengi wa chini ya ardhi tunaokutana nao hadithini ni wanyama wa juu waliofukiwa tu. Dude refu kuliko mnazi linapasua mwamba kwa mbio, macho yanawaka, likiibuka linanguruma. Linakula nini huko chini hadi kufikia mwili ule? Linavuta hewa gani? Udongo linaouchimba unakwenda wapi? Mwandishi kimya.

Mimi naona ardhi inatoza ushuru kila hatua, na mnyama wa chini unamjua kwa namna anavyoulipa. Kuna watafiti waliowapima panya wachimbaji wa Amerika, wakakuta kwamba kwenda umbali uleule kwa kuchimba kunakula nguvu mara 360 hadi 3,400 zaidi ya kutembea juu. Mara 3,400! Ukishaijua hesabu hiyo huwezi tena kumkimbiza joka ndani ya mwamba bila kuona aibu.

Kwa hiyo ngurumbi nimemjenga kwa kumtazama kiumbe halisi wa upande wetu huu, fuko uchi, yule wa nyika kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Hana manyoya ya maana, ngozi imekunjamana, uzito gramu thelathini na kitu, meno mawili ya juu na mawili ya chini yamechomoza nje ya midomo. Naam, nje. Midomo inafunga nyuma ya meno, ndiyo maana anachimba kwa meno siku nzima bila kula mchanga. Na yale mawili ya chini anaweza kuyatanua na kuyabana, kila moja kwa upande wake.

Ngurumbi basi: ukubwa wa paka, kundi moja kama mia mbili, ngozi ya kijivu, macho yamebaki alama mbili tu usoni. Meno yake yana madini ya chuma, rangi ya kutu. Hili sikuliokota hewani, maana meno ya panya wengi na ya biva, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya anayekata miti na kuziba mito, yana rangi ya chungwa kwa sababu hiyohiyo ya chuma kwenye tabaka la nje. Mimi nimeongeza kipimo tu. Mafundi wa Zambasi huyatumia kuchongea mihuri.

Anakula kiazi-jiwe, kiazi kikubwa kuliko ng'ombe aliyelala. Na hapa ndipo ninapompendea: hakimalizi. Anatoboa ganda, anakula nyama ya ndani upande mmoja, kisha anaziba tundu kwa udongo na kuhama. Kiazi kinapona. Miaka inapita, wajukuu wanarudi kukila kilekile. Fuko uchi anafanya hivyo na viazi pori. Kiazi kimoja kikubwa kinaweza kulisha kundi zima kwa miezi.

Naendelea chini. Vuteni vigoda.

Siti ya Mbele:

Nipo. Kahawa tayari, kashata tayari. Shusha mkuu.

Dubwana:

Mkuu, heshima yako, ila ukubwa wa paka? Watu wanasoma hadithi za namna hii ili watishike. Nipe kitu cha tani tano. Na usiniambie haiwezekani. Brazil kuna mahandaki ya kale ambayo mtu mzima anatembea wima ndani yake, kutani kuna mikwaruzo ya kucha, na wanasayansi wanasema yamechimbwa na wanyama wakubwa waliokwishatoweka, jamii ya slothi wa ardhini. Kama hao waliweza, kwa nini Zambasi ishindwe?

Mfinyanzi:

Dubwana, mfano wako mzuri, lakini unanisaidia mimi. Wale walichimba nyumba. Kula walikula juu, kwenye majani. Hata mhanga wetu ni hivyohivyo: ni mnyama wa kilo hamsini na zaidi, anachimba ardhi ngumu haraka kuliko mtu mwenye jembe, lakini usiku ukiingia anatoka kwenda kutafuta mchwa. Shimo kwake ni chumba cha kulala.

Anayeishi chini moja kwa moja, chakula chake kikiwa mizizi na viazi, hana nafasi ya kunenepa. Chukua mafuko wote wa dunia hii, wakubwa wao wanaishia kilo moja, mbili hivi. Handaki la mwili mkubwa ni udongo mwingi zaidi wa kutoa, na kiazi cha kulipia kazi hiyo kiko mbali gizani, hujui kiko upande gani. Nimempa ngurumbi ukubwa wa paka kwa kuwa majivu ya Zambasi ni laini na viazi-jiwe ni vikubwa kupita vyetu. Hapo nimeshajipendelea.

Na kutisha siyo lazima kuwe kwa mwili. Ngoja.

Wanachimba kwa mstari. Wa mbele anatafuna ukuta, nyuma yake wamepangana wengine ishirini. Udongo unapokewa kwa miguu ya nyuma, kila mmoja anausukuma kwa aliye nyuma yake, kisha anarudi mbele akipita juu ya migongo ya wenzake. Wa mwisho ndiye mwenye kazi mbaya kuliko zote. Anageuzia makalio mdomo wa shimo na kuurusha udongo nje kwa mateke, unatoka ukiruka juu na kujenga kilima kidogo chenye tundu katikati. Muda wote huo mgongo wake uko nje ya usalama. Kwa mafuko uchi nyoka wanaijua kazi hiyo. Wanakuja kwenye kilima kibichi na kumdaka mrushaji. Zambasi anayekuja siyo nyoka peke yake. Watoto wa maskini wanalala kifudifudi kando ya vilima na kitanzi mkononi.

Chapakazi wa Njombe:

Mleta uzi, hapo kwenye kitanzi umenigusa, maana fuko nimemtega tangu utoto. Huku kwetu ni adui wa viazi na mihogo. Unaona mmea umesinyaa wakati jirani yake ni mzima, ukiuvuta unakuja mkononi, chini hakuna kitu.

Lakini kumvizia kwenye kilima ni kujichosha. Fuko hapendi njia yake iwe wazi. Fukua handaki lake lipigwe na upepo, atakuja mwenyewe kuziba. Wazee wanakata kijiti kirefu kinachopinda, wanakichomeka ardhini, wanakikunja na kukifunga kamba yenye kitanzi ndani ya njia. Kitanzi kinafichwa kwenye udongo wa ukuta, kifyatuo kinakaa katikati. Fuko anakuja akisukuma udongo wa kuzibia, udongo unagonga kifyatuo, kijiti kinafyatuka, kwisha habari yake. Ukikaa kimya pembeni unaona udongo unacheza kabla hajafika.

Kwa hiyo wawindaji wako wa Zambasi wasingoje jioni kwenye vilima. Wavunje njia.

Mfinyanzi:

Chapakazi, hii naichukua nzima, na kijiti chake. Imenipa na sheria ya nchi: Zambasi ni marufuku kuvunja njia ya ngurumbi ndani ya uwanja wa mfalme, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Wale watoto wanabaki kwenye vilima kwa kuwa kilima si kosa kisheria.

Mwalimu wa Baiolojia:

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi naulizia hewa. Wanyama mia mbili wenye ukubwa wa paka wamelala wamebanana chumba kimoja, mlango umezibwa kwa udongo. Hewa ukaa inapanda, oksijeni inashuka. Umelifikiria?

Kama bado, fuko uchi anakupa jibu. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya Thomas Park na wenzake: mafuko hao walikaa dakika 18 bila oksijeni kabisa wakazinduka wazima. Panya wa kawaida ndani ya muda mfupi tu alikuwa amekufa. Na kwenye hewa yenye oksijeni asilimia 5 walikaa saa tano. Siri mojawapo ni kwamba ubongo na moyo wao, oksijeni ikiisha, vinahamia kuchoma fruktosi, sukari ya matunda, kwa njia isiyohitaji oksijeni. Mapigo ya moyo yanashuka sana, mnyama analala kama mfu.

Pia hajitahidi kujipasha joto mwili kama sisi. Joto lake linafuata sana joto la handaki. Akisikia baridi anakwenda njia za juu karibu na udongo uliopigwa jua, au wanarundikana. Hiyo ni nafuu kubwa kwenye huo ushuru wako.

Mfinyanzi:

Mwalimu, shikamoo. Hewa nilikuwa nimeigusa kijuujuu tu, asante kwa kuingia ndani.

Naliingiza hivi. Zambasi mvua ikija inakuja kwa mafuriko. Njia za chini zinajaa maji, ngurumbi wanapanda vyumba vya juu na kuziba kila tundu, kisha wanalala usingizi ule wa kufa. Maji yakipungua watu wanafukua, wanakuta mizoga imepangana, baridi, haipumui. Wanaibeba kwenda kuchuna ngozi. Njiani mzigo unaanza kucheza.

Ndiyo maana Wazambasi hawazikani upesi. Mtu wao akifa anakaa ndani hadi jua lizame mara tatu, na nyumba ya msiba milango inazibwa kwa udongo.

Siti ya Mbele:

Mzigo unaanza kucheza! Mimi nimetupa gunia nimekimbia.

Dubwana:

Hapo sawa. Nimeanza kutishika kidogo. Sasa mpe moto basi, ateme.

Mwalimu wa Baiolojia:

Dubwana, moto unakula oksijeni ileile. Akitema mara moja kaua ukoo wake wote kabla adui hajafika.

Mtaita wa Mjini:

Hamjambo. Mimi nimezaliwa Taita na kuna kiumbe wa kule nadhani kitakufaa, Mfinyanzi.

Ukilima shamba wakati udongo una unyevu unafukua kitu kirefu chembamba, kina mikunjo kama pete mwili mzima. Wengi wanasema ni nyoka na kukikata jembe palepale. Wengine wanasema mnyoo. Siyo nyoka wala siyo mnyoo, ni jamaa wa vyura asiye na miguu, na spishi hiyo ni ya milima ya Taita. Jina la kitaalamu ni *Boulengerula taitana*.

Mwaka 2006 watafiti walichapisha jinsi anavyolea. Mama akishataga, ngozi yake ya nje inakuwa nene na kujaa mafuta. Watoto wakianguliwa wana meno maalumu ya utotoni, wanamzunguka mama na kumkwangua ngozi, wanaila. Mama ametulia tu. Ngozi inaota tena, wanarudi tena. Hakuna maziwa wala wadudu wa kuletewa. Wanamla mama na mama haumii.

Nimekaa nikaona kuna watu wanakwenda mbali sana kutafuta maajabu, na hapa mtu anayakata kwa jembe.

Mfinyanzi:

Dada, nimesoma mara mbili.

Awali nilikuwa nimemwachia malkia kazi ya kunyonyesha peke yake, kama alivyo malkia wa mafuko uchi. Tangu Jennifer Jarvis alipochapisha mwaka 1981 tunajua kundi lao linaendeshwa kama la mchwa: jike mmoja ndiye anayezaa, madume mmoja hadi watatu ndio wenza wake, waliobaki wote ni vibarua na askari. Jike huyo akishashika kiti hata uti wa mgongo wake unarefuka, kwa ajili ya mimba kubwa. Anapita mahandakini akiwapiga watu wake vikumbo. Anayezubaa anasukumwa.

Sasa nabadilisha. Malkia wa ngurumbi ananyonyesha miaka ya mvua. Miaka ya ukame maziwa yanakata, ndipo wanapoinuka walezi, majike wasiozaa ambao ngozi yao imeanza kunenepa. Watoto wanawakwangua. Ukimfukua ngurumbi ukakuta mgongo wake una mistari myekundu iliyopangana, huyo ni mlezi, na ujue ukame umeshaingia hata kama juu majani bado mabichi. Waganga wa mvua wa Zambasi wanaishi mjini kwa ujuzi huo mmoja tu.

Kalamu ya Usiku:

Nilikuwa nasoma kimyakimya. Swali langu ni la kisa, siyo la mnyama. Umetupa mwili, chakula, hewa, malezi. Vyote vizuri. Lakini kwa nini mfalme akataze kuvunja njia? Ulisema utaeleza ukapita. Na hili jina ngurumbi linatoka wapi kama hawangurumi?

Mfinyanzi:

Kalamu, ndiyo nilikuwa nakuja.

Gizani macho ni gharama ya bure, lakini sikio linalipa. Ndani ya handaki sauti nzito ndizo zinazofika mbali, na udongo wenyewe unabeba mtikisiko. Kuna fuko vipofu wa Mashariki ya Kati wanaowasiliana kwa kugonga paa la handaki kwa vichwa. Ngurumbi wanagonga hivyo. Mia mbili wakigonga pamoja, mtu aliyelala mkekani juu anasikia ngurumo kwenye mbavu.

Kila kundi lina mdundo wake wa ngoma. Hapo nimewafuata tena mafuko uchi: utafiti wa 2021 wa Alison Barker na wenzake ulionyesha kila kundi lina lafudhi yake ya kulia, na mtoto akihamishiwa kundi lingine mapema anajifunza lafudhi ya walezi. Malkia akiondoka, lafudhi inavurugika, kila mmoja analia lake. Akipatikana malkia mpya, inakaa sawa tena.

Sasa mji mkuu wa Zambasi umejengwa juu ya kundi moja la ngurumbi, la kale kuliko ukoo wa mfalme. Watu wa mji wamezoea kulala na ile ngoma. Ngoma ikiwa moja, soko linafunguliwa, watu wanaoana, mikopo inatolewa. Ikivurugika, mji mzima unajua kwamba chini malkia amekufa na majike wanauana kugombea kiti, kwa hiyo miezi ijayo mahandaki yatachimbwa ovyo na nyumba zitatitia. Utawala wa mfalme umeegemea sauti hiyo. Ukivunja njia, ukaingiza hewa, unaweza kuua malkia bila kujua. Ndiyo sheria.

Na kisa chenyewe: kuna mtu wa ukoo uliopinduliwa anataka kuivuruga ngoma kwa makusudi, usiku wa kuamkia kutawazwa. Amefuga jike mmoja wa kundi la mbali, kamlea tangu mdogo, kamfundisha ngoma ya mji kwa kugonga sakafu ya chumba chake kila siku. Anamwingiza kwa kitundu. Jike anagonga kama mwenyeji, anapita askari, anamfikia malkia.

Kalamu ya Usiku:

Aisee. Hii imekaa. Adui hashiki panga hata mara moja.

Mwalimu wa Baiolojia:

Imekaa, ila hapiti. Askari hawasikilizi tu, wananusa. Mafuko uchi mgeni akiingia wanamtambua kwa harufu na kumshambulia, hata kumuua. Wenyewe wanajipaka harufu ya kundi kwa kugaagaa kwenye chumba cha choo. Jike wako amelelewa nyumbani kwa mtu, ananuka moshi na ubani. Atakatwa vipande kwenye kona ya kwanza.

Dubwana:

Hahaha! Mapinduzi yamekwamia chooni.

Mfinyanzi:

Mwalimu umenibana, na sitaki kumwokoa kwa uchawi. Basi yule mtu inabidi apate udongo wa choo cha kundi la mji, ampake. Najua wakijaza choo wanakiziba na kuchimba kingine. Anaweza kufukua cha zamani nje kidogo ya ukuta, pale ulinzi ni hafifu, bila kugusa njia zinazotumika. Hata sheria hajavunja.

Chapakazi wa Njombe:

Cha zamani hakitafaa mkuu. Kilichozibwa msimu mzima kimeshakuwa mbolea, kinanuka udongo tu. Na kundi nalo limebadilika, waliokufa wamekufa, waliozaliwa wamezaliwa. Lazima apate kibichi, na kibichi kiko ndani, karibu na wanapolala. Hapo itabidi avunje njia, na akivunja watakuja kuziba.

Mfinyanzi:

Wakija kuziba, watakuja na udongo wa mahali gani?

Chapakazi wa Njombe:

Wa karibu. Wowote ulio karibu na tundu, hawachagui. Fuko anasukuma alichokikuta nyuma yake.

Mfinyanzi:

Basi anatoboa kitundu kidogo jirani na choo, anakaa pembeni na koleo, anangoja wamletee wenyewe.

Mwalimu wa Baiolojia:

Hiyo napitisha.

Dubwana:

Na mimi napitisha. Lakini huyo jike akishinda, akawa malkia, uti wa mgongo si utarefuka? Urefuke basi afike hata kilo mia.

Mfinyanzi:

Nakupa kilo sita.